Jogoo upanga unakuwa mweusi kwenye ncha ila anakula na kuwika kama kawaida, hii ni nini wakuu?

mkulima_wa_jioni
Habarini wakuu. Niko Mafinga, nafuga kuku wachache tu nyuma ya nyumba, chotara na kienyeji wamechanganyika humo humo, jogoo mmoja ndo baba wa boma. Ana upanga mkubwa ule wa kusimama, siku zote mwekundu hasa. Sasa tangu baridi ya mwezi huu wa saba ianze naona meno ya nyuma ya upanga yanakuwa zambarau asubuhi, na ncha mbili za mwisho kabisa zimeshakuwa nyeusi moja kwa moja, ukizishika ni ngumu kama ukucha. Kinachonichanganya anakula vizuri, anawika, majike anapanda, hana kamasi wala hahari. Halafu kuna jike mmoja upanga wake umepauka kabisa hauna damu, sijui ni tatizo moja au mawili tofauti.

Nimeenda duka la dawa za mifugo, jamaa hata swali hajaniuliza akanipa pakiti ya antibayotiki, eti changanya kwenye maji wape wote. Bado sijawapa. Baba mkwe yeye anasema chinja mapema kabla hajafa ukakosa vyote. Wenye uzoefu naombeni msaada, ni ugonjwa au ni baridi?

siti_ya_dirishani
Napita nikisubiri supu 🤣

Kibabu_cha_Ilala
Baba mkwe wako ni mjanja, akichinjwa huyo firigisi linaenda kwa nani kwani?

BwanaPumba
Mkuu hicho ni kideri usijidanganye. Mwaka juzi banda langu lilianza hivyo hivyo, upanga ukawa mweusi, ndani ya wiki nikabaki na kuku wa kuhesabu. Tenga huyo jogoo leo leo.

DadaWaVifaranga
BwanaPumba hapana bwana, hapo umekimbia mbele. Kideri ndo hiki mdondo tunachokijua wote, kuku anasinzia, anahara mharo wa kijani, anahema kwa shida, wengine shingo inapinda au bawa linaning'inia, na hawafi mmoja mmoja kwa foleni, wanaenda kundi zima. Huyo wa mleta uzi anapanda majike! Kuku mwenye kideri anapata wapi nguvu za mapenzi?

Ila swali la muhimu, mleta uzi umechanja? Ile ya matone ya jicho, tone moja jicho moja, kila baada ya miezi 3. Kama hujachanja fanya utaratibu hata kama hili la upanga sio kideri, maana ukiwa na kuku wa kienyeji mdondo unakuja tu, swali ni lini. Tena wanachanjwa wazima, ukishaona wanaumwa umechelewa.

mkulima_wa_jioni
Nilichanja mwezi wa tano dada, ile ya I-2, tunachanga na majirani maana kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana.

BwanaPumba
Chanjo nyingi zinaharibika njiani jua kali, usiitegemee sana. Nimesema changu.

Kopokopo
Salaam. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo muda mrefu kabla ya kustaafu kwa hiyo naomba twende taratibu, maana naona watu wanataja magonjwa kabla ya kumjua kuku.

Upanga na zile ndevu za chini ni ngozi iliyojaa mishipa midogo sana ya damu. Kuku hana jasho, joto lake la mwili liko kwenye nyuzi 41 hivi, kwa hiyo sehemu hizo ndo anazitumia kupunguza joto. Ndio maana chochote kinachogusa damu, iwe wingi wake, hewa iliyomo au mzunguko wake, kinaonekana pale kwanza. Ukipauka fikiria upungufu wa damu. Ukiwa zambarau au bluu fikiria damu haina hewa ya kutosha au haizunguki vizuri. Ukiwa na doa jeusi kavu, hiyo ni nyama iliyokufa au ni gamba la kidonda, na hapo ndo watu wanachanganya.

Mleta uzi jibu haya: 1) hiyo zambarau inakaa kutwa au inaondoka jua likichomoza vizuri? 2) Ukibonyeza upanga kwa kidole ukaachia, rangi inarudi haraka? 3) Akiwa ametulia anahema mdomo wazi? 4) Kuna vidonda au vipele sehemu nyingine isiyo na manyoya, kwenye kope, pembeni ya mdomo, miguuni? 5) Kinyesi kikoje? Na usimpe hiyo dawa bado.

siti_ya_dirishani
Dokta anauliza maswali mengi kuliko mama mkwe

Baridi_Kali
Mimi mbongo niko Minnesota, nina kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na hii kitu unayoelezea mkuu nimeiona kwa macho yangu. Huku Januari inashuka mpaka nyuzi 25 chini ya sifuri. Majogoo wa upanga mkubwa ndo wanaumia kwanza, inaanza kwenye ncha za meno, zinakuwa nyeupe kama zimekosa damu halafu zambarau halafu nyeusi, zinakauka, baadae zinadondoka zenyewe na upanga unabaki butu. Majike yana panga fupi hayapati sana, halafu usiku yanaficha kichwa kwenye bawa.

Kitu nilichojifunza huku sio baridi peke yake inayoharibu, ni baridi pamoja na unyevu. Watu wanaziba banda kila tundu wakidhani wanawasaidia, kumbe pumzi ya kuku na mvuke wa mavi unabaki ndani, unatua kwenye upanga, usiku unaganda. Banda linatakiwa lipumue juu, lakini upepo usiwapige pale wanapolala. Wengine wanapaka mafuta ya mgando kwenye upanga, wengine wanasema hayasaidii kitu, mimi nimepaka na sijaona tofauti ya maana.

Hizo ncha zikishakuwa nyeusi usizikate wala usizisugue, ziache zikatike zenyewe.

Ng'wana_Ilemela
Baridi_Kali heshima yako kaka lakini Mafinga sio Marekani. Mafinga ina baridi ya sweta, upanga wa kuku ugande kabisa mpaka nyama ife? Tungekuwa tunaona majogoo butu Njombe nzima.

Mimi nasema ndui. Huku Mwanza tunaijua vizuri maana mbu hatuna uhaba, na mbu ndo wanaoisambaza kwa kumdonoa kuku mgonjwa halafu mzima. Inaanza na vipele vidogo vyeupe au vya njano kwenye upanga, ndevu na kope, halafu vinakuwa magamba ya kahawia mpaka meusi, magumu, unaweza kudhani upanga wenyewe umekufa. Kuku mkubwa anaweza kula na kuwika vizuri tu akiwa nayo. Vifaranga ndo wanakufa, macho yanaziba hawaoni chakula. Kuna nyingine ya ndani ya mdomo na koo, hiyo ndo mbaya, kuku anashindwa kuhema.

Dawa hakuna, ni kirusi. Unapaka ile dawa ya zambarau (GV) au iodini ili vidonda visiingie bakteria, unawapa vitamini A, mchicha na majani mabichi kwa wingi, baada ya wiki kama tatu nne magamba yanadondoka. Ambao hawajaugua wachanje, ile ya kuchoma kwenye ngozi nyembamba ya bawa na sindano yake ya pacha.

mkulima_wa_jioni
Asanteni wote, mnanisaidia sana. Kopokopo majibu haya hapa:

1) Zambarau ni asubuhi tu, ikifika saa nne jua limewaka upanga unarudi mwekundu isipokuwa zile ncha mbili nyeusi. 2) Ukibonyeza saa nne rangi inarudi haraka, asubuhi inachelewa kidogo. 3) Hahemi mdomo wazi. 4) Hapa sasa, Ng'wana_Ilemela umenitia wasiwasi, kuna kigamba kimoja kidogo pembeni ya mdomo na kingine chini ya upanga, sikujua kama ni kitu. Kwa jike sijaona. 5) Kinyesi kawaida, kigumu na kile cheupe juu.

Na Baridi_Kali umenigusa kwenye kuziba banda, nimezungushia nailoni pande zote nne mpaka juu. Asubuhi nikifungua nailoni inatiririka maji kwa ndani.

Baridi_Kali
Ndo hapo sasa!

Ng'wana_Ilemela
Kigamba pembeni ya mdomo. Ndo hapo sasa!

siti_ya_dirishani
Hawa wawili watagawana jogoo 🤣🤣 mmoja mbele mmoja nyuma

Mpemba_wa_Wete
Nyie bara mnatafuta mbali. Jogoo mmoja kweli? Hakuna jogoo la jirani linaruka uzio? Sisi huku na makuchi yetu (wale kuku wa asili ya kupigana), upanga mweusi nchani na vigamba pembeni ya mdomo tunajua ni kitu gani, ni kupigana. Jogoo akidonolewa upangani damu inatoka nyingi, inakauka inakuwa nyeusi, na ile sehemu iliyochanika inakufa. Kuchi mwenyewe Mungu kampa akili, upanga wake mdogo umelala kichwani, hana kitu cha kushikwa. Hawa chotara wenu wana panga ndefu la nini? Wengine hukata kabisa.

DadaWaVifaranga
Mpemba_wa_Wete habari za kukata upanga tusifundishane hapa tafadhali. Unamtoa damu mnyama hana ganzi hana chochote, halafu kwenye joto unakuwa umempunguzia pa kupoza mwili. Na kupiganisha majogoo ni ukatili, hata ukiita mila.

Mpemba_wa_Wete
Sijasema mimi nakata dada, nimesema wengine. Na makuchi yangu yanapigana yenyewe kwa wivu, mimi nafanya kazi ya kuamua tu.

Kibabu_cha_Ilala
Kuamua huku umeshika hela ya dau mkononi 😂

mama_kienyeji254
Hamjambo majirani. Mimi niko upande wa Limuru, na huku Julai pia ni baridi na ukungu hadi mchana. Mbona hakuna mtu anaongelea huyo kuku jike? Jogoo ako sawa, anakula, ana wake, mnamshughulikia kama mbunge. Huyo jike mwenye upanga umepauka ndiye mgonjwa hapo.

Upanga ukikosa rangi kwanza uliza kama anataga. Akiwa ameacha kutaga, anaatamia ama anabadilisha manyoya, upanga hunywea na kupauka na si ugonjwa. Kama si hivyo basi kuna kitu kinamnywa damu, ndani ama nje. Ndani ni minyoo, ama ile ya kuhara damu ya koksidia kama ni mdogo. Nje ni utitiri, chawa na viroboto. Usiangalie mchana, kuna utitiri mwingine hujificha kwa nyufa za mbao mchana wote na hutoka usiku kuku wakilala. Enda na tochi saa tatu usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia, ukiona alama za damu umewapata. Chini ya mkia pia angalia, na kando ya macho, kuna viroboto vyeusi hushika hapo kwa ngozi vinakaa hapo hapo havitoki hata ukivuta.

Pia papasi. Papasi wa kuku analeta ugonjwa mwingine kabisa kwa damu, kuku anapauka, anapata homa na anahara kijani, watu wanasema ni kideri.

Kopokopo
mama_kienyeji254 umenena vizuri sana. Huo ugonjwa wa papasi tumeuona Dodoma na Singida, mabanda ya matope yenye nyufa. Watu wanachanja kideri kila mara na kuku bado wanakufa, wanailaumu chanjo, kumbe adui yuko ukutani.

BwanaPumba
Haya tuseme sio kideri. Lakini kuna ugonjwa unaitwa kichwa cheusi, nimesoma, kuku kichwa kinakuwa cheusi kweli. Hamjautaja.

Kopokopo
Upo, lakini jina linadanganya. Huo unashika zaidi bata mzinga, unaharibu ini na utumbo, mharo unakuwa wa njano rangi ya kiberiti, na mara nyingi kichwa hakiwi cheusi hata kidogo. Kuku anabeba tu vijidudu vyake kupitia mayai ya minyoo na yeye haumwi sana. Ndio maana tunakataza kufuga bata mzinga na kuku sehemu moja. Mleta uzi hana bata mzinga.

BwanaPumba
Hajasema hana!

mkulima_wa_jioni
Sina mkuu. Nina bata wa kawaida wawili na wana hali nzuri kunizidi mimi.

Juma_Chotara
Naongezea lingine. Umesema chotara. Hawa chotara wazito, na hata broila waliobakizwa wakakuzwa kuwa jogoo, moyo wao hauwezi mwili. Ukiwaweka sehemu za juu zenye hewa nyepesi na baridi, moyo unafanya kazi kupita kiasi, damu inarudi nyuma, tumbo linajaa maji, upanga unakuwa bluu. Ni tatizo linalojulikana kabisa kwa broila wa nyanda za juu. Mkamate umshike tumbo, kama limejaa na linatikisika maji ndo hilo. Mimi nilipoteza wawili namna hiyo, walikufa ghafla wakiwa wanakula, upanga zambarau tii. Kwa jirani yangu ilisemwa ni uchawi.

Ng'wana_Ilemela
Hiyo ingekuwa kutwa nzima sio asubuhi tu.

Juma_Chotara
Inaanza asubuhi, baridi ikikaza mishipa inajifunga, moyo dhaifu hausukumi mpaka nchani. Jua likitoka inafunguka. Haipingani na Baridi_Kali wala haipingani na mimi.

mama_kienyeji254
Na pumba? Unawapa pumba ya wapi? Upanga kupauka pia huletwa na sumukuvu. Mahindi yakiwekwa yakiwa mabichi yanapata ile kuvu ya kijani, yanasagwa, watu hawaoni, ini la kuku linaisha pole pole. Hakuna dawa ya kuua hiyo sumu kwa chakula, hata ukipika haitoki.

DadaWaVifaranga
Kweli kabisa, na hiyo sumukuvu sio ya kuku tu. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Sisi mahindi yameoza kidogo tunasema "haya wapeni kuku", halafu jioni tunakula mayai.

mlinzi_wa_geti
Wakuu mnaogopa kutaja jina lake ila nataja mimi: MAFUA YA NDEGE. Upanga kuvimba na kuwa zambarau ni dalili namba moja.

Kopokopo
Ni dalili mojawapo, ndio, na ni kweli tusiidharau. Lakini angalia picha nzima. Mafua makali ya ndege upanga na ndevu vinavimba, uso unavimba, miguu inakuwa na madoa ya damu chini ya ngozi, na vifo ni vingi kwa siku mbili tatu, hata kabla hujaona dalili. Jirani zetu Uganda Januari 2017 waliipata ya H5N8, ilianza kuonekana kwa ndege pori ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Entebbe. Watu waliona ndege wamekufa wengi, hawakuona jogoo mmoja mwenye ncha mbili nyeusi anayewika. Ukiona vifo vingi vya ghafla usishike mizoga kwa mikono mitupu, usiuze, usile, mwite afisa mifugo wa kata.

mama_kienyeji254
Na nyinyi wa Tanzania kwa hofu hiyo hiyo ya mafua mlichoma vifaranga vyetu 6,400 pale Namanga mwaka huo huo wa 2017. Wakiwa hai! Bado hatujasahau.

Kibabu_cha_Ilala
Hawakuwa na pasipoti mama 😂

DadaWaVifaranga
Marufuku ya kuingiza vifaranga ilikuwepo tangu 2006 na kila mfanyabiashara aliijua. Ila kuwachoma hai hata mimi nililia, siwezi kutetea.

mama_kienyeji254
Sawa dada, tumesameheana. Nyinyi nao mnatuuzia mahindi, tutafanyaje.

siti_ya_dirishani
Uzi wa upanga wa jogoo umefika Jumuiya ya Afrika Mashariki, sijashangaa

mkulima_wa_jioni
Apdeti wakuu. Jana usiku nimeenda na tochi kama mama_kienyeji254 alivyosema. Yule jike nimemkuta na viroboto vyeusi vimejipanga pembeni ya macho na chini ya ndevu, vingi mpaka nikasikia kuwashwa mwenyewe. Jogoo hana hata kimoja, sijui kwa nini. Chini ya fito kitambaa kimetoka safi. Tumbo la jogoo nimelishika, Juma_Chotara, sioni kama lina maji ila na mimi sijui tumbo lenye maji likoje.

Nimekata nailoni ya juu nikaacha upenyo chini ya bati pande mbili, ya chini nimeiacha izuie upepo. Maranda nimebadilisha yote, huku maranda ni bure mashine za mbao ziko kila kona. Leo asubuhi banda halina ile harufu ya kuchoma macho. Upanga asubuhi bado zambarau ila naona kama imepungua, au macho yangu yanataka ipungue.

Viroboto navitoaje? Kuna mtu kaniambia nipake mafuta ya taa.

Ng'wana_Ilemela
Mafuta ya taa yanafanya kazi, bibi yangu alitumia miaka yote.

Kopokopo
Yanafanya kazi na yanaunguza ngozi, na karibu na jicho ni hatari kubwa. Paka mafuta ya mgando au ya kupikia juu ya viroboto, vinakosa hewa vinaachia. Halafu vumbi la dawa ya wadudu kwa mwili na kwenye banda, soma maelekezo ya pakiti, usipulize kwenye chakula wala maji. Rudia baada ya wiki mbili maana mayai yake yanaanguliwa kwenye maranda na udongo. Maranda uliyotoa yachome, usiyamwage bustanini hapo hapo. Na mpe dawa ya minyoo, ukichukua piperazine ujue inaua minyoo mikubwa ya mviringo tu, tegu haiwagusi.

DadaWaVifaranga
Na mbwa na paka wa nyumbani waangaliwe, viroboto hivyo vinahamia.

BwanaPumba
Sawa viroboto kwa jike. Jogoo je? Mimi bado nasema ampe ile antibayotiki aliyonunua, hela imeshatoka, itamdhuru nini?

DadaWaVifaranga
Itamdhuru anayekula mayai. Dawa ukiwapa wote kwenye maji, mayai yote ya kipindi hicho na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti hutakiwi kula wala kuuza. Nani kati yetu anatupa mayai? Hakuna. Halafu siku akiumwa kweli typhoid ya kuku dawa haigusi, vijidudu vimeshaizoea. Ndui ni kirusi, baridi ni baridi, moyo ni moyo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibika na hiyo pakiti.

Juma_Chotara
Typhoid ya kuku nayo upanga unapauka au unakuwa bluu, msiisahau. Na kipindupindu cha kuku, ndevu zinavimba na kuwa na moto, upanga zambarau, jogoo mkubwa anakufa usiku mmoja. Hicho antibayotiki inasaidia ukiwahi.

Kopokopo
Juma uko sahihi ila vyote hivyo kuku anaacha kula, analala pembeni amevimbisha manyoya. Huyu yuko juu ya majike.

Mleta uzi kama unataka uhakika, uko karibu na Iringa, kuna kituo cha maabara ya mifugo ya serikali, TVLA. Ukipata kigamba kikidondoka kiweke kwenye kichupa kisafi kikavu uwapelekee pamoja na maelezo. Na kuku akifa wakati wowote mpeleke mzima akiwa bado fresh kwenye ubaridi, usimgandishe.

Kibabu_cha_Ilala
Nauli ya kwenda Iringa na kurudi, kipimo juu, kwa jogoo mmoja? Hiyo hela unanunua jogoo mwingine na chenji ya soda.

Kopokopo
Sio kwa ajili ya jogoo mmoja mzee. Kama ni ndui vifaranga watakaoanguliwa mwezi wa tisa mvua zikikaribia na mbu wakiamka ndo watakaolipa.

mkulima_wa_jioni
Wakuu nimerudi. Ncha moja nyeusi imedondoka. Nimeikuta kwenye chombo cha maji. Pale ilipotoka pamebaki pekundu pakavu, hapatoki damu, na upanga una pengo. Kile kigamba cha pembeni ya mdomo nacho kimetoka.

Baridi_Kali
Nilisema zitakatika zenyewe na kubaki butu. Kesi imeisha.

Ng'wana_Ilemela
Nilisema magamba yatadondoka. Baridi imeingia mpaka pembeni ya mdomo? Kesi imeisha kweli.

Mpemba_wa_Wete
Na mimi nilisema alidonolewa. Nendeni mkaulize jogoo la jirani kama halina manyoya mdomoni.

Juma_Chotara
Inawezekana ni vyote viwili, jogoo haandikiwi ugonjwa mmoja mmoja. Ndui imempiga kidogo, baridi na unyevu ikamalizia ncha. Mimi ya moyo bado siifuti mpaka mwaka uishe.

mama_kienyeji254
Na jike?

mkulima_wa_jioni
Jike viroboto vimepungua sana, dawa ya minyoo amekunywa. Upanga bado umepauka ila nimegundua anaatamia chini ya ngazi, kaficha mayai huko. Kwa hiyo sijui tena umepauka kwa viroboto au kwa kuatamia.

mama_kienyeji254
Hahaha aki huyo alikuwa mjamzito nyinyi mnampima malaria. Hebu mpake hayo mafuta vizuri kabla vifaranga hawajatoka, viroboto vitawamaliza wale wadogo kwa siku chache.

mkulima_wa_jioni
Sawa mama, leo jioni. Na chanjo ya ndui nimeulizia, wanauza kichupa cha kuku wengi, natafuta majirani wa kuchangia. Kigamba na ncha nimeviweka kwenye kichupa cha dawa ya macho, shemeji anaenda Iringa Alhamisi nitampa.

Kopokopo
Kichupa kioshwe kwanza na kikauke, dawa ya macho iliyobaki itawasumbua maabara. Andika umri, idadi, chanjo na tarehe ulizoona dalili.

siti_ya_dirishani
Shemeji kwenye basi na kichupa cha kipande cha upanga, akiulizwa na trafiki atasemaje

mgeni_wa_jana
Samahani wakuu nadandia uzi. Wangu upanga hauna shida ila anawika saa nane usiku kila siku na jirani ametishia kwenda serikali ya mtaa. Kuna dawa?

Kibabu_cha_Ilala
Ipo, inaitwa wali nazi.

Mpemba_wa_Wete
Ana mwanga wa taa unaomfikia huyo? Zima taa ya nje au geuza mlango wa banda, aone giza. Ukishindwa nibadilishie, nina tetea la kuchi hapa linatafuta mume.